Turbo juu ya mlima: hesabu ya hewa katika injini za pikipiki za theluji

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa umakanika wanaozungumza Kiswahili, Boise, Idaho

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, na vijana mnaosomea umakanika, nawasalimu wote na ninawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuongeza nguvu ya injini ya mipigo minne ya pikipiki ya theluji (snowmobile) kwa kuifungia turbo, yaani kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa injini. Najua kwamba baadhi yenu mlijifunza kazi hii Lubumbashi, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, katika gereji ambazo theluji haikuwa na sababu ya kutajwa, na leo mnaletewa mashine hizi kila majira ya baridi yanapokaribia na wateja wanaopanda nazo milima ya McCall, Island Park na West Yellowstone. Turbo yenyewe si ngeni kwenu, kwa sababu mmeifungua na kuifunga katika malori na katika Land Cruiser. Ugeni uko katika petroli, katika mwinuko wa nchi na katika klachi ya mashine hizi, na fundi hodari wa dizeli anaweza kuua injini nzuri kwa kufuata mazoea yaliyomletea sifa kwao.

Hoja yangu ni moja, na mengine yote yatatoka humo: anayefunga turbo apige hesabu kwa presha kamili ya hewa inayoingia kwenye silinda, asiipige kwa presha inayosomeka kwenye geji. Geji ya turbo husoma ziada tu, yaani kile kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Presha kamili ni hewa ya nje pamoja na ziada hiyo, na injini haijui wala haijali geji inasema nini. Inachokijua ni uzito wa hewa ulioingia na kiasi cha mafuta kilichoambatana nayo.

Tuanze na hewa yenyewe. Kwenye usawa wa bahari presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Ukifika mita 3,000, ambao ndio mwinuko unaokaribiwa na barabara ya Togwotee Pass kule Wyoming, imebaki kama kilopaskali 70. Chukua Yamaha Apex, mashine iliyotoka kiwandani mwaka 2006 ikiwa na silinda nne na takribani nguvu farasi 150. Pale juu hewa yake imepungua kwa karibu theluthi moja, na nguvu yake inashuka hadi 104 au chini kidogo, kwa sababu msuguano wa pistoni na beringi haupungui pamoja na hewa. Mteja atakwambia kwamba mashine yake imechoka. Mashine haijachoka, inavuta pumzi kwa bidii ileile na inaambulia hewa pungufu. Walioendesha malori kutoka Mombasa hadi Nairobi, enzi za injini zisizo na turbo, wanaifahamu hali hiyo bila kufundishwa na mtu.

Jambo hili lilithibitishwa zamani, tena katika milima ya Marekani hiihii. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kuendesha kipuliza hewa mwaka 1905, lakini onyesho linalotuhusu zaidi lilifanyika mwaka 1918, pale Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipoipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, kwenye mwinuko wa mita 4,300 hivi. Injini hiyo ilikuwa ikitoa nguvu farasi 350 kwenye nchi ya chini. Kileleni, bila turbo, ilitoa 230. Ilipofungiwa turbo, ikatoa 356. Angalieni tarakimu hiyo ya mwisho kwa makini: turbo haikuifanya injini ile kuwa jitu, iliirudishia kile ilichonyang'anywa na mlima, na juu yake ikaongeza sita tu. Nawaomba mwelewe turbo ya mlimani kwa namna hiyo kwanza, kabla ya kuota nguvu farasi 250.

Sasa turudi kwenye Apex yetu, tuifungie turbo ambayo vali yake ya kuachia moshi imefungwa kwa springi inayofunguka ziada ikifika pauni 7 kwa inchi ya mraba, yaani kilopaskali 48 hivi. Kwenye mita 3,000, presha kamili ndani ya njia ya hewa itakuwa 70 na 48, jumla 118. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari ikiwa imeongezwa asilimia 17 tu. Injini iliyoundwa kwa kilopaskali 101 inaweza kuibeba hali hiyo bila kubadilishwa sana ndani, ndiyo maana mteja wa mlimani hukaa misimu kadhaa akisifu kazi ya fundi wake. Kisha anaalikwa na shemeji yake kwenda kukimbiza mashine juu ya ziwa lililoganda kule Minnesota, kwenye mita 300 au 400. Springi ni ileile, geji inasoma pauni 7 zilezile, naye anaamini kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini hewa ya nje sasa ni 98 au 97, na presha kamili imefika 145 au zaidi. Kutoka asilimia 17 tumeruka hadi zaidi ya 40, kwa injini ileile, petroli ileile na geji inayosema jambo lilelile. Pistoni zikitoboka siku hiyo, lawama haziendi kwa ziwa wala kwa shemeji, zinakwenda kwa fundi aliyeweka mafuta na plagi kwa kusoma geji peke yake. Kwa hiyo sharti la kwanza la kazi hii ni kompyuta ya mafuta inayopokea taarifa kutoka sensa ya presha kamili, na swali la kwanza kwa mteja ni hili: utaipeleka wapi, na utawahi kushuka nayo?

Upande wa turbo yenyewe mambo huenda kinyume. Kutoa 118 kutoka kwenye 70 ni kuibana hewa karibu mara 1.7, ilhali kutoa 146 kutoka kwenye 98 ni mara 1.5 tu. Maana yake ni kwamba mlimani turbo hufanya kazi ngumu zaidi na huzunguka kwa kasi kubwa zaidi ili kutoa ziada ileile, na ekseli yake tayari ni kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa hiyo turbo huchaguliwa kwa kuangalia mwinuko wa juu ambako mashine itafanya kazi, na injini hulindwa kwa kuangalia mwinuko wa chini. Anayechagua vyote viwili kwa mahali pamoja amefanya nusu ya kazi.

Kwa nini tunazungumzia injini za mipigo minne hasa? Pikipiki za theluji zilitawaliwa kwa miaka mingi na injini za mipigo miwili, ambazo ni nyepesi na hupumua kwa kutegemea mawimbi ya eksozi yao iliyotuna tumboni. Ukiweka gurudumu la turbo katika njia ya mawimbi hayo unaweza kuyavuruga, ingawa viwanda vimelimudu hilo pia siku hizi. Injini ya mipigo minne ina vali za kufunga na kufungua, ina mpigo mzima wa kusukuma moshi nje, na ina mfumo wa oili yenye presha ambao turbo inaweza kunywa humo. Ilipotoka Yamaha RX-1 ya mwaka 2003, yenye silinda nne za ukoo wa pikipiki ya barabarani R1, watu waliona kwamba mipigo minne ina kasi, ila ni mizito. Uzito huo ndio uliowatuma watu kwenye turbo. Viwanda navyo havikulala: Arctic Cat walitoa T660 Turbo ya mwaka 2004, yenye injini ya Suzuki ya sentimita za ujazo 660 na nguvu farasi 110, na kufikia mwaka 2017 Arctic Cat na Yamaha walikuwa wakiuza mashine zenye injini moja ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 998, iliyofungwa turbo kiwandani, inayokaribia nguvu farasi 200. Yamaha walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaacha biashara ya pikipiki za theluji baada ya toleo la mwaka 2025, kwa hiyo mashine zao zitakuwa mikononi mwetu sisi wa gereji kwa muda mrefu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ningependa vijana waliandike. Katika dizeli, hewa huingia peke yake, ikabanwa, kisha nozeli hupuliza mafuta mwishoni. Hakuna mchanganyiko unaosubiri kwenye silinda, kwa hiyo ukiongeza hewa dizeli hushukuru. Tena katika dizeli, ukiongeza mafuta joto la eksozi hupanda, na ukiyapunguza hushuka. Dereva akilalamika kwamba eksozi imekuwa nyekundu, fundi hukaza pampu ili ipunguze mafuta, na mambo hutulia. Katika petroli iliyo chini ya turbo, hatua hiyohiyo ndiyo inayoua. Petroli huungua kikamilifu ikikutana na hewa kwa uzito wa 14.7 kwa moja. Chini ya turbo hatuendeshi injini kwa uwiano huo. Tunaishusha hadi 12 au 11.5 kwa moja, yaani tunaipa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuunguza, kwa sababu mafuta ya ziada hugeuka mvuke na kunyonya joto. Fundi anayeona joto limezidi akapunguza mafuta, huipandisha injini kutoka 12 kuelekea 14, na joto linazidi kupanda badala ya kushuka.

Kinachofuata ni kunoki. Moto wa petroli unatakiwa uanzie kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio hadi kuta za silinda. Presha na joto vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hujiwasha wenyewe wote kwa pamoja kabla moto haujaufikia, na pigo lake hudonoa kichwa cha pistoni, huvunja kingo zilizo kati ya ringi na kung'oa gasketi ya hedi. Kwenye gari utausikia mlio wake. Kwenye pikipiki ya theluji mwendeshaji amevaa helmeti, mkanda wa chini unaoisukuma mashine unanguruma, na theluji inapiga bodi. Hatasikia lolote mpaka injini izime. Ndiyo sababu sikubali kuikabidhi mashine yenye turbo ambayo haina sensa ya oksijeni ya upeo mpana, ile inayosoma uwiano wa hewa na mafuta, na kipimo chake mbele ya macho ya mwendeshaji.

Petroli ya pampuni ina somo lake, nalo linarudi kwenye hoja yangu ya mwanzo. Katika majimbo haya ya milimani mtaona pampu ya petroli ya kawaida imeandikwa 85, yaani namba ya oktani inayoonyesha uwezo wa petroli kuhimili kunoki, ilhali kwingine Marekani ni 87, na ya juu mara nyingi ni 91. Sababu ya 85 kuvumiliwa huku ni kwamba injini isiyo na turbo huvuta hewa nyepesi, presha ndani ya silinda ni ndogo, na kunoki hakupati nafasi. Turbo inaifuta sababu hiyo. Ukishairudisha hewa ya usawa wa bahari ndani ya silinda, petroli ya 85 haina tena utetezi wowote, hata kama mashine iko juu ya kilele. Kwa mashine yenye turbo, 91 ndiyo ya chini kabisa, na anayetaka ziada inayopita pauni 8 au 9 ajiandae kununua petroli ya mashindano na kuitenga katika madebe yake.

Kuhusu kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni huubana mchanganyiko ndani ya silinda, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali. Injini hizi za kuvuta hewa zenyewe zilitoka kiwandani na uwiano wa kompresheni unaokaribia 12 kwa 1, ambao ni mkubwa mno kwa turbo inayofanya kazi nchi ya chini. Njia ya bei nafuu ni kuweka gasketi nene ya hedi, au bamba chini ya silinda, ili chumba cha moto kipanuke. Inafanya kazi, lakini ina gharama mbili zisizosemwa dukani. Kwanza, ukingo mwembamba kati ya pistoni na hedi, ambao kazi yake ni kuubinya mchanganyiko uelekee kwenye plagi na kuuvuruga uungue haraka, unapanuka na kupoteza kazi yake, na uwezo wa kuzuia kunoki unaharibika palepale ulipotaka kuutengeneza. Pili, hedi ikiinuka, cheni ya kemshafti huvutwa na wakati wa vali husogea kidogo, jambo linalotakiwa kurekebishwa. Mimi hushauri pistoni zilizofuliwa kwa kugongwa (forged) zenye kompresheni ndogo, ingawa ni ghali na injini inabidi ifunguliwe yote. Mteja asiyezimudu, na ambaye hashuki mlimani, abaki na injini kama ilivyo na ziada ndogo. Hiyo si aibu.

Mafuta yenyewe lazima yafike. Katika mashine zenye injekta, presha ya mafuta inatakiwa kupanda sawasawa na ziada ya turbo, la sivyo hewa iliyobanwa husukumana na injekta na mafuta hupungua wakati yanapohitajika zaidi. Katika RX-1, ambayo ina kabureta, turbo inapopuliza kupitia kabureta, vyumba vya kuelea navyo lazima vipokee presha hiyohiyo kupitia mirija yao ya kupumulia, na pampu iwe juu ya presha hiyo. Vinginevyo kabureta itakauka ghafla katikati ya mwinuko, mchanganyiko ukiwa haba na turbo ikiwa imejaa. Wakati wa plagi kurusha cheche nao hucheleweshwa. Wengi huanza na nyuzi moja ya mzunguko wa injini kwa kila pauni ya ziada, kisha husahihisha kwenye dainamomita, mashine ya kupimia nguvu.

Sasa joto, ambalo katika mashine hizi lina vituko. Baridi ni rafiki yetu: hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 16 hivi kuliko ya nyuzi 20 juu yake. Hata hivyo, kuibana hewa ni kuipasha moto. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, ikabanwa mara 1.7 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi kama 50. Intakula, yaani kipozeo cha hewa kinachokaa kati ya turbo na injini, ikiirudisha hadi nyuzi 15, umepata asilimia 12 ya hewa zaidi bila kugusa springi, na umejiweka mbali na kunoki. Ni faida ya bure, ila inategemea intakula ilivyowekwa. Ikitazama mbele tu, theluji laini kama unga huiziba ndani ya dakika chache, ikayeyuka na kuganda tena, na mteja anarudi akilalamika kwamba nguvu inapotea mchana. Vilevile maji ya injini hupozwa na vipozeo vilivyo juu ya mkanda wa chini, ambavyo hutegemea theluji inayorushwa na mkanda huo; kwenye barafu tupu hakuna kinachorushwa, na joto hupanda haraka kuliko mtu aliyezoea redieta anavyotarajia. Turbo yenyewe hukaa chini ya bodi ya plastiki, karibu na nyaya na mirija ya petroli, huku moshi unaopita ndani yake ukikaribia nyuzi 900. Kitambaa cha kuzuia joto na ngao za bati si mapambo.

Oili nayo isichukuliwe kwa wepesi. Turbo ikiwa imefungwa chini ya usawa wa oili ya injini, oili haiwezi kurudi kwa kuteremka, na pampu ya kuinyonya inahitajika. Bila hiyo oili hujaa, hupita kwenye sili na kutoka moshi wa buluu, kisha mtu huhukumu turbo kuwa mbovu akanunua nyingine. Alfajiri ya nyuzi 25 chini ya sifuri, oili nzito hufika kwenye beringi za turbo imechelewa. Tumieni oili ya sintetiki yenye alama ya 0W, na mwambieni mteja asiguse mafuta kwa nguvu mpaka injini ipate joto.

Nimeiacha klachi mpaka sasa kwa sababu ndiko nguvu nyingi zilizolipiwa hupotelea. Pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha; ina klachi mbili na mkanda wa mpira, na klachi ya mbele hubanwa na vyuma vya uzito vinavyotupwa nje na mzunguko. Vyuma hivyo vilipimwa kwa injini ya zamani. Ukiongeza nguvu bila kuvibadilisha, injini huvishinda, huruka juu ya mzunguko wake uliowekwa, mkanda huteleza na kuungua, na mteja husema turbo haina maana. Vyuma vizito zaidi na springi inayofaa huirudisha injini mahali pake, na hapo ndipo mashine husukuma kweli. Gusa klachi zote mbili kwa mkono kila baada ya mwendo wa majaribio, injini ikiwa imezimwa: moja ikiwa moto kuliko nyenzake, kuna mtelezo. Kwa kuwa mwinuko hubadili nguvu, vyuma vya mlimani na vya ziwani havitakuwa vilevile, hata kwa mashine yenye turbo ya springi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Mamlaka ya Kulinda Mazingira ya Marekani iliweka kanuni za moshi wa mashine hizi mwaka 2002, zikaanza na matoleo ya mwaka 2006, na kuchezea vifaa vya kudhibiti moshi ni kosa kwa fundi na kwa duka pia. Hifadhi ya Yellowstone ina masharti yake makali ya moshi na kelele, na mashine iliyobadilishwa haitaingia huko. Mwambieni mteja kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na mwandikie.

Mwendo wa kwanza ufanyike kwenye eneo tambarare, kwa springi ya ziada ndogo kuliko iliyokusudiwa, huku kompyuta ikirekodi presha kamili, uwiano wa hewa na mafuta, mzunguko na joto la hewa baada ya intakula. Simamisha, soma, rekebisha, rudia. Ziada iongezwe pauni moja kwa wakati, na mashine isipande mlima wowote mpaka rekodi ya tambarare iwe safi kuanzia mwanzo wa mwendo hadi mwisho. Rekodi hiyo ihifadhiwe pamoja na mwinuko na baridi ya siku hiyo, kwa sababu mteja akirudi mwaka ujao akiwa amehamia Minnesota mtaanzia kwenye karatasi hiyo.

Nina klachi moja iliyofunguliwa hapa mezani, pamoja na seti mbili za vyuma vya uzito. Wanaopenda kuviona wasogee mbele, na wenye RX-1 za kabureta waanze kuuliza.